Kichupa Kilichoko Chumbani Mwako

Mapendo wangu,

Salamu sikutumii kama mtu wa mbali, maana tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Nasikia unafunga valizi, unaifungua, unatoa viatu, unavirudisha. Jua linateremka upande wa bustani ya Iroquois, hapa Louisville, na vidole vyangu vimekubali kufanya kazi. Kesho asubuhi havitakubali mpaka saa yao ifike, nawe utakuwa na haraka ya basi. Ningengoja kesho, ungepata mistari miwili imelala ovyo kama samaki wadogo wa ndagala waliomwagika njiani.

Mambo ya kuvaa koti zito na kufunga mlango kwa komeo sikwambii. Ulinipita akili zamani. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, lakini la sita lile nililisoma sawasawa, na kule kwetu Uvira, Kongo, hakuna msichana aliyenishinda mwandiko. Angalia herufi hizi. Mikono yenye ugonjwa bado inaandika vizuri kuliko ya mchungaji wetu, na yeye ana diploma.

Bon. Nakuandikia kwa sababu ya kichupa.

Jumanne nilikuja jikoni kunywa maji, nikakukuta mgongo wako uko mlangoni, unaongea kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeiba sukari. Nilijua ni Mama Chantal wa ghorofa ya chini, maana hakuna mwingine duniani ambaye sauti yake inatoka kwenye simu hata ukiibana sikioni. Ulimwambia, "Mama Chantal, nitakuachia dawa ya Mama. Panda kila asubuhi, umpe kimoja, usimame hapo mpaka ameze."

Yeye akauliza, "Na mwenyewe? Yeye iko mtoto?"

Ukasema, "Mwenyewe siwezi kumwachia. Kama hutaweza niambie sasa, nisiende. Buffalo itaningoja mwaka ujao."

Nilirudi chumbani na kiu yangu. Mtoto wangu, wa kwanza katika ukoo mzima kuitwa na chuo kikuu, anayekwenda kusomea uuguzi, ambaye nimeshamtangaza kwa korali nzima ya kanisani na hata kwa yule mzee anayeuza matairi, anataka kubaki kwa ajili ya kidonge ambacho ukikipulizia pumzi kinaruka kwenye kiganja!

Nilitaka kuandika hapa kwamba sikukasirika. Nilikasirika. Nilikunja nguo zote za kabati na kuzikunjua. Halafu nikakaa kitandani nikajiuliza: aliyemfundisha mtoto huyu kutoniamini ni nani? Nikatafuta mtu wa kumlaumu, nikamkosa, ila mmoja.

Unaijua habari hii, ulikuwemo. Lakini uliiona ukiwa umesimama, mimi niliiona nikiwa chini, na mtu aliye chini huona vitu vingine.

Ilianzia kazini ghalani. Pale supavaiza alikuwa ananiita Mashine, na hakuniita hivyo kwa sababu ya upendo, ni kwa sababu hakuna aliyefunga maboksi kunizidi, hata wale vijana wenye mabega. Ikaja asubuhi moja, mkasi ukanianguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Baada ya wiki chache vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, ngazi za nyumba naziteremka kwa kushikilia ukuta, na Mama Chantal akasimama chini ananicheka, "Mama Mapendo! Ju ya nini unatembea kama kuku ya kufungwa miguu?" Nilimjibu kwamba hata kuku aliyefungwa anamshinda yeye kwa kuimba. Lakini nilipofunga mlango nililia, kwa sababu siku ile nilikuwa nimeshindwa kujifunga sidiria.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, na mkalimani yuko kwenye simu, Mtanzania mwenye sauti ya redio. Akasema, "Mama, ugonjwa wako ni baridi yabisi. Askari wa mwili, badala ya kukulinda, wanavipiga viungo vyako wenyewe." Nikamjibu, "Mwambie daktari habari za askari wanaopiga kwao asinifundishe. Sisi tumezikimbia." Mkalimani akacheka, halafu akaomba radhi. Wewe ulijificha uso kwa aibu. Nakumbuka.

Nikapewa dawa mbili. Ya kwanza ya mara moja kwa wiki, inayofanya kazi polepole kama fundi wa serikali. Ya pili ndiyo hii, prednisoni, ya kila asubuhi baada ya kula. Daktari alisema hii ni ya kunishika mkono mpaka ile nyingine ifike. Alianza na vidonge kadhaa, akapunguza, akapunguza tena, mpaka nikabaki na kimoja kidogo. Kila alipojaribu kwenda chini ya hapo viungo viliwaka, tukakubaliana nikae hapo kwanza huku ananiangalia mifupa na sukari. Akasema, "Kidogo kinachotosha." Mkalimani alilitamka vizuri neno hilo, na mimi nikalidharau.

Mimi ni mtu wa sufuria kubwa, unanijua. Ugonjwa ule mkubwa, halafu dawa ndogo hivi? Niliona kama wamenidharau mimi mwenyewe.

Ndipo ikaja harusi ya Columbus. Mama yako mdogo Riziki anamwoza binti yake, na jikoni ni nani? Ni mimi. Hakuna harusi ya watu wetu kutoka Louisville mpaka Columbus ambayo bugali yake ilikorogwa vizuri bila mkono wangu kuwemo, na wanaobisha wanabisha wakiwa wameshiba. Tukanunua sombe, majani yetu ya mihogo, kwenye maduka ya Morse Road, imeganda kama jiwe, na masufuria ya kukodi yanayoingia mtoto mzima. Nikaviangalia vidole vyangu. Nikakumbuka nina kichupa cha zamani, kile cha mwanzo, hakijaisha. Nikajiambia, kama kimoja kinanisimamisha, vitatu si vitanirusha?

Vilinirusha, Mapendo. Huo ndio ubaya wake. Kama visingefanya kazi ningekuwa salama. Nilikoroga bugali ile wanayoisimulia mpaka leo, nikacheza na kikwembe kiunoni mpaka bwana harusi akauliza yule mama ni wa upande gani. Riziki akapiga kelele, "Dada, magoti umeyaazima wapi?" Nikamwambia, "Ni ya kwangu! Yalikuwa likizo!"

Tukarudi Louisville, na mimi sikurudi kwenye kimoja.

Sasa nikwambie jambo ambalo nesi mwalimu wako hatakufundisha, maana halijui. Uso wangu ulianza kuvimba ukawa wa mviringo, na daktari Mmarekani angeuona angeshtuka palepale. Lakini daktari nilikuwa namwona baada ya miezi kadhaa, na kanisa naliona kila Jumapili. Kanisani walipiga makofi. "Mama Mapendo, unanona! Amerika inakupenda!" Mwingine akasema nina uso wa mke wa gavana. Kwetu, mwanamke aliyekimbia vita na kula posho ya kambini miaka yote ile, mashavu yake yakijaa watu wanamshukuru Mungu. Nani angeniambia kwamba yale mashavu ni dawa? Nilikuwa nakula saa zote, silali, usiku napangusa kuta, nikaona hizi ni nguvu za Bwana. Wewe peke yako uliniangalia ukiwa na kijiko mdomoni ukasema, "Mom, your face is weird." Uso wangu ni wa ajabu! Nikakwambia una wivu.

Huko unakokwenda watakusifia, maana u mzuri na una kichwa. Furahia, hata mimi napenda sifa kama nyanya zinavyopenda chumvi. Ila mara mojamoja jiulize wanachosifia ni uso wako au ni uvimbe.

Jumapili ya ushuhuda ilinikuta katika hali hiyo. Mchungaji akauliza nani ana neno. Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Nikainua mikono, nikavikunja vidole na kuvikunjua mbele ya watu wote, nikasema, "Bwana ameniponya viungo!" Ngoma ikalia. Mama Chantal, yule mcheka kuku, akaanguka kwa magoti analia. Kidonge sikukitaja. Sikukusudia kudanganya, kilikuwa kidogo mno kuingia katika ushuhuda mkubwa hivyo.

Kesho yake asubuhi nikakiweka mkononi na chai yangu, na kikawa kikubwa. Nikikimeza, basi Mungu hakuniponya. Nisipokimeza, basi niko mkweli. Donc, basi, nikavimwaga vyote chooni, vya kichupa kipya na vya kile cha zamani, nikavuta maji nikiimba.

Yaliyofuata unayajua. Siku chache tu. Miguu ikawa ya maji, chakula kikakataa kukaa tumboni, na uliporudi kutoka shule ulinikuta sakafuni jikoni, shavu kwenye vigae, nawaza kwa utulivu kabisa kwamba chini ya jiko panahitaji kufagiwa. Hospitali waliuliza maswali, nami ulimi haukupanda. Wewe ndiye uliyejibu. Ulikuwa umeviona vichupa vitupu kwenye takataka, ukanyamaza, lakini ukaweka kichwani. Uliwaambia kwa Kiingereza chako kizuri nameza nini na kwamba nimeacha, wakaniingizia dawa ileile kwenye mshipa, na jioni nikaanza kudai bugali. Kila ninapowaambia watu kwamba utakuwa nesi wanadhani natabiri. Mimi nakumbuka tu.

Daktari akauliza kupitia mkalimani wa simu, "Nani alikwambia uache?" Nikasema, "Kanisa." Najisikia vibaya mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Mchungaji angeniuliza ningemwambia ukweli. Ni mdomo wangu uliotangulia, mwili ukalazimika kuufuata.

Kisha akanieleza. Alisema mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana na dawa hii, kila siku, kidogo. Mwili ukiona kinaletwa tayari kutoka nje, unalala. Ukikikata ghafla, unabaki huna cha nje wala cha ndani. Ndiyo maana hupunguzwa polepole, ili mwili uamke.

Hapo nilimwelewa kuliko mkalimani. Unakumbuka posho ya kambini? Ulikuwa mdogo, marehemu baba yako alikuwa bado anakubeba mabegani kwenda kuipokea. Mwaka mmoja mahindi yalikuja mengi, na wengi tukaacha vibustani vyetu nyuma ya nyumba. Mimi niliongoza. Nilisema jembe ni la wasio na kadi ya posho. Siku posho ilipokatwa nusu bila taarifa, nilikwenda kuomba majani ya matembele kwa mwanamke niliyemcheka. Alinipa. Kunipa huko ndiko kulikouma.

Tangu hospitali, kichupa kikahamia chumbani mwako. Kila asubuhi unaniletea kidonge na chai na kipande cha mkate, unasimama. "Mama, meza." Nameza. "Fungua." Nafungua mdomo kama kifaranga, mimi, mama wa harusi zote. Sikukukataza. Ulikuwa na haki, na tena, niseme tu, nilikuwa napenda. Nilipenda kuamka nikijua unakuja. Na taratibu nikaona mambo mengine yanahamia kwako pia. Simu za kliniki, soko, mifuniko, barua za wenye nyumba, hata kunikumbusha kuvaa soksi. Wewe ndiye ukawa posho, na bustani yangu ikaota magugu.

Kwa hiyo ulipopata barua ya Buffalo nikaanza kukupunguza.

Hukuona, kwa sababu nilikupunguza kama daktari alivyonipunguza mimi. Kwanza niliacha kukuita ufungue chupa ya mafuta. Nimefunga mpira kwenye mfuniko, unazunguka wenyewe. Ukafuata ule mwezi niliokwambia Mama Chantal amenipeleka kliniki. Hakunipeleka. Nilipanda basi peke yangu, nikapita kituo, nikarudi kwa miguu, nikafika nimechelewa na nina hasira, lakini nilifika, na mkalimani wa safari hii alikuwa Mkenya anayenichanganyia Kiingereza mpaka nikamwambia hicho kidogo hata mimi ninacho. Na zile asubuhi ulizolala sana baada ya kazi ya usiku, nani aligonga mlango wako? Ni mimi, chai mkononi, mkate nimeshautafuna, nadai dawa yangu. Mtu anayetaka kukimbia dawa hagongi mlango, mwanangu.

Kulikuwa kumebaki jambo moja, na hilo lilikuwa zito kuliko masufuria ya Columbus. Jumapili iliyopita ulikuwa kazini. Mchungaji aliuliza nani ana neno. Nikasimama. Polepole, maana magoti hayakuwa na harusi.

Nikasema, "Mnanijua. Nilisema hapa kwamba Bwana ameniponya. Nikaacha dawa, nikaanguka, na mtoto wangu akaniokota. Sasa nasema vizuri: Bwana amenisimamisha, na kila asubuhi nameza kidonge. Hivyo viwili havigombani. Waliogombana walikuwa mdomo wangu na akili yangu."

Hakuna ngoma iliyolia. Nikaisikia friji ya jiko la kanisa ikinguruma. Nikafikiri, basi, leo umejivua nguo. Halafu mzee wa matairi, kule nyuma, akasema kwa sauti, "Hata mie nameza ya sukari. Niko naificha ndani ya soksi." Kanisa likacheka mpaka mchungaji akakaa chini.

Baada ya ibada, kwenye meza ya chai, walikuja mmojammoja. Huyu ana ya shinikizo la damu kwenye mkoba, yule ana ya usingizi. Mama Chantal akanivuta pembeni. "Mama Mapendo, hii yako ndogo, niazime mbili tu. Magoti yananiua, na Jumamosi iko mazishi."

Nilimwangalia. Mimi yule wa harusi ya Columbus ningempa vinne na nyongeza. Nikamwambia, "Sina, viko kwa Mapendo. Na hata vingekuwa mkononi mwangu nisingekupa. Nenda kwa daktari wako, nitakusindikiza. Sasa njia ya basi naijua."

Akanuna. Baadaye akaniletea maandazi, donc, ugomvi umeisha. Na huyo ndiye unayetaka kumwachia kichupa! Nampenda kama ndugu, lakini ungeshangaa jinsi ambavyo vidonge vingepungua.

Kwa hiyo sikia ninachokuomba, na sikuombi kama mgonjwa. Kesho usiniletee kidonge. Toa kichupa kwenye droo yako, kiweke mezani karibu na sukari, uende kusukuma valizi yako. Nilimwomba mfamasia mfuniko usio wa kuzuia watoto, ule wa kuinua tu. Mfuniko huo ulikuja na kichupa kipya, ungekitazama vizuri ungejua. Utanikuta nimekaa, nimekula mkate. Nitakifungua mwenyewe. Vidole vitachelewa kidogo, usinisaidie. Angalia dirishani, angalia mawingu, jifanye unatafuta simu.

Basi lako linapita Columbus. Riziki atakuwa kituoni na chakula, usikatae, ataniambia. Ukifika Buffalo, mtaa wa Black Rock, na kile chumba chako chenye baridi, utakuta kule watu wetu ambao hawakujui. Waambie wewe ni mtoto wa yule mama wa bugali. Wasipomjua, wana bahati mbaya.

Nami nitabaki hapa na kimoja changu cha kila siku. Siku daktari atakaposema tujaribu tena kupunguza, nitapunguza. Akisema tubaki, nitabaki. Viungo vitauma siku nyingine, sitakuficha, lakini nitakwambia baada ya kukueleza habari nzuri kwanza.

Nasikia umefunga valizi sasa, haifunguki tena. Vizuri.

Kila siku piga simu, sikatai, mimi ni mama yako. Ila usinipigie kuniuliza kama nimemeza. Niulize nimepika nini.

Mimi, mama yako, mwandiko wangu mwenyewe kuanzia juu mpaka hapa.